Jinsi ya kuipima na kuipa jina garneti ya manganisi ya bonde la Umba

Mawe ya rangi ya chungwa, ya waridi iliyochanganyika na chungwa, na ya kahawia inayoelekea wekundu yanayoshushwa Tanga mjini kutoka bonde la Umba hupewa majina mengi kabla hayajafika mezani. Huyu atasema safaya ya chungwa, yule rodolaiti (garneti ya magnesiamu na chuma), mwingine malaya. Bei ya gramu moja hubadilika sana kwa jina tu, na jina hutolewa kwa macho. Macho hayatoshi. Rangi hiyo hiyo hutolewa na angalau madini manne tofauti ya bonde hilo hilo, na jina la kweli linapatikana kwa kupima.

Tunazungumzia garneti adimu iliyo kati ya piropu na spesatini. Sokoni ndiyo malaya, na baadhi ya wafanyabiashara wa nje huandika malaia. Ni silikati ya magnesiamu, manganisi na alumini. Garneti zote hufuata mpangilio mmoja, X3Y2(SiO4)3. Nafasi ya Y hapa inakaliwa na alumini. Nafasi ya X ndiyo inayoamua: ikijaa magnesiamu mawe ni piropu, ikijaa manganisi ni spesatini, ikijaa chuma ni almandini. Jiwe la Umba huwa na zote tatu kwa viwango mbalimbali, mara nyingi na kalisiamu kidogo.

Katika uainishaji wa madini wa Strunz, garneti ziko 9.AD.25, yaani kundi la nesosilikati: kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na fungu hilo limesimama peke yake bila kushirikiana oksijeni na fungu la jirani. Kwa kuwa hakuna minyororo wala matabaka, jiwe halina mahali dhaifu pa kupasukia bapa. Likivunjika huacha mikunjo kama ya chupa iliyovunjika. Ukiona jiwe la chungwa lenye uso bapa uliopasuka kwa usafi, na mwingine kama huo karibu na pembe mraba, lishuku mapema.

Manganisi ya garneti ina elektroni tano ambazo kila moja iko peke yake, haina mwenzi. Hapo yanatoka mambo mawili yatakayokusaidia. La kwanza, manganisi hunyonya mwanga kwa unyonge sana, kwa hiyo spesatini safi ni ya chungwa nyepesi. Wekundu na uzito wa rangi huletwa na chuma. La pili, jiwe huvutwa na sumaku kuliko vito vingi.

Vifaa

Mizani ya gramu 50 inayosoma hadi 0.001, ile ya 0.01 inafaa kwa mawe makubwa tu. Kikombe chepesi cha plastiki. Mshipi mwembamba kabisa wa kuvulia. Rifraktomita, yaani kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, na maji yake ya kugusanishia. Spektroskopu ndogo ya mkononi, inayotandaza mwanga katika rangi zake. Vioo viwili vya polaroidi, hata vilivyokatwa kutoka miwani ya jua iliyokufa. Sumaku ya neodimiamu, ambayo hupatikana ndani ya diski kuu mbovu ya kompyuta. Lenzi ya 10x. Taa ya balbu ya halojeni au balbu ya zamani ya waya, na hiyo usiibadilishe kwa LED kwa sababu itakayoelezwa.

Sumaku na polaroidi kwanza

Osha jiwe, likaushe, liweke juu ya kipande cha povu gumu la kufungia televisheni, kisha elesha kipande hicho kwenye beseni la maji. Zima feni. Sogeza sumaku hadi milimita mbili au tatu kutoka kwenye jiwe bila kuligusa. Garneti yenye manganisi au chuma cha kutosha huifuata sumaku mara moja. Spineli ya waridi haisogei. Safaya nyingi hazisogei, au hujikokota kidogo zikiwa na chuma kingi. Hesonaiti, yaani garneti ya kalisiamu, huvutwa kwa uchache. Kosa la kawaida hapa ni udongo mwekundu uliojificha kwenye nyufa za jiwe ghafi: una chuma, nao husogea. Sugua kwa mswaki na sabuni kabla ya kupima.

Kisha weka jiwe kati ya polaroidi mbili zilizogeuzwa hadi mwanga umefungwa, ulizungushe duara zima. Garneti ni ya mfumo wa kristali wa kyubiki, hivyo hubaki giza. Safaya huwaka na kuzima mara nne. Garneti nyingi huonyesha mistari hafifu ya giza inayotembea kama nyoka kwa sababu ya mkazo wa ndani. Hiyo isikufanye ulitupe jiwe kwenye kundi la safaya.

Densiti

Njia hii haihitaji kitega wala ndoano. Pima jiwe kavu, uandike. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sifuri. Funga jiwe kwa mshipi, litumbukize lote ndani ya maji likiwa limening'inia, lisiguse chini wala ukingo. Namba unayoisoma sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mfano: jiwe kavu gramu 2.480, maji yaliyosukumwa gramu 0.640. 2.480 ÷ 0.640 = 3.875. Maji ya Tanga mchana huwa na joto karibu nyuzi 29, ambapo densiti yake ni 0.996, basi zidisha: 3.86.

Maji ndiyo yanayoharibu kipimo hiki mara nyingi zaidi. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Maji ya bahari yenyewe yana densiti karibu 1.025, nayo yataishusha 3.86 hadi karibu 3.77, na hapo utaliita jiwe kitu kingine. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri ya gari, na usome chupa vizuri kwa sababu duka hilo hilo huuza asidi ya betri katika chupa inayofanana. Tone moja la sabuni ya vyombo huondoa viputo vinavyong'ang'ania jiwe. Kiputo kimoja cha ukubwa wa kichwa cha pini kinatosha kuharibu hesabu ya jiwe dogo.

Ukubwa una maana. Kwenye mizani ya 0.01, jiwe la mfano wetu lina kosa la takriban 0.06 juu au chini. Jiwe la gramu 0.4 husukuma maji ya gramu 0.10 tu, na kosa la 0.01 hapo ni asilimia kumi. Namba hiyo usiiandike popote. Funga dirisha pia. Upepo wa bahari huichezesha mizani ya 0.001 hata pale usipousikia mwilini.

Rifraktomita

Jiwe linatakiwa uso mmoja bapa uliong'arishwa. Kwa jiwe ghafi, mwombe mkataji asugue dirisha dogo pembeni, mahali ambapo ataondoa hata hivyo. Weka tone dogo la maji ya kugusanishia, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, telezesha jiwe juu yake kwa kidole. Usiliburuze: kioo cha chombo ni laini, garneti ni ngumu kwa 7 hadi 7.5 na itakikwaruza. Maji hayo ni sumu. Fungua dirisha sasa, nawa mikono, na ufute kioo kabla hayajakauka na kuacha punje za salfa.

Soma kwa mwanga wa njano. Piropu safi ni 1.714, spesatini safi 1.800, almandini safi 1.830. Malaya huangukia kati ya takriban 1.742 na 1.780. Zungusha jiwe ukisoma tena. Hapa ndipo mtego mkubwa wa Umba ulipo: safaya husoma 1.762 hadi 1.770, katikati kabisa ya eneo la malaya. Tofauti ni kwamba safaya ina vivuli viwili vinavyoachana kwa 0.008, na kimoja husogea ukizungusha. Anayesoma mara moja na kufunga chombo hataiona. Densiti ya safaya ni 4.00, na polaroidi zilikwisha kukuonya.

Mawe mengine ya jirani ni rahisi. Spineli husoma 1.718 na densiti 3.60. Turmalini husoma karibu 1.62 hadi 1.64, densiti karibu 3.06. Zirkoni ya kawaida hupita upeo wa chombo na ni nzito, 4.6 hadi 4.7. Hesonaiti husoma karibu 1.740 lakini densiti yake ni 3.65 tu, ilhali malaya ya namba hiyo hiyo ingekuwa karibu 3.76, kwenye lenzi hesonaiti huonekana imevurugika ndani kama asali inayokorogwa.

Spektroskopu ndiyo mwamuzi

Wengi hupima densiti na mpindo wa mwanga kisha huacha. Kwa jiwe hili haitoshi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua jiwe linalosoma 1.760. Kama ni mchanganyiko wa piropu na spesatini, densiti yake inatakiwa iwe karibu 3.91. Kama ni piropu na almandini, yaani rodolaiti ya kawaida, ni karibu 3.87. Tofauti ya 0.03 au 0.04 humezwa kwa urahisi na kosa la kupima. Vipimo viwili vizuri haviwezi kukuambia kama umeshika manganisi au chuma.

Mwanga unaweza. Manganisi huacha mistari ya giza kwenye urujuani: 410, 420 na 430 nanomita. Ikiwa nyingi, mistari hiyo huungana na kuikata rangi yote ya urujuani kuanzia karibu 435 kushuka. Chuma cha almandini huacha mikanda mitatu mahali pengine: 504, 520 na 573. Malaya nyingi huonyesha vyote viwili. Unachotafuta ni mkato wa urujuani ulio wazi pamoja na mikanda ya chuma iliyo hafifu. Mikanda mitatu mizito na urujuani uliobaki ni rodolaiti au almandini, hata rangi iwe ya kuvutia namna gani.

Sasa habari ya taa. LED nyeupe karibu haitoi mwanga wowote chini ya nanomita 430, na ina shimo lake mwenyewe karibu 480. Ukiitumia utaona urujuani umekatwa kwenye kila jiwe, hata kwenye kipande cha chupa. Tumia halojeni, na kabla ya kuweka jiwe tazama taa tupu: kama urujuani hauonekani bila jiwe, hapana kipimo. Jicho nalo ni dhaifu upande huo. Dawa yake ni chupa ya kioo ya duara yenye maji yaliyoyeyushwa mrututu hadi yawe buluu angavu, isimame kati ya taa na jiwe. Mrututu huzuia wekundu unaomeza macho, huacha buluu na urujuani vipite, na pia hulikinga jiwe na joto. Kaa gizani dakika tano kabla ya kusoma.

Kulipa jina

Kwa kanuni za Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Madini (IMA), zilizopangwa upya kwa garneti mwaka 2013, jina la aina hutokana na elementi iliyotawala nafasi ya X. Malaya basi ni jina la biashara. Halimo kwenye orodha ya aina. Jiwe lile la mfano likisoma 1.754, toa namba ya piropu safi, kisha gawanya kwa tofauti kati ya piropu safi na spesatini safi: (1.754 − 1.714) ÷ 0.086 = 0.465. Kwa densiti, ambapo piropu safi ni 3.58 na spesatini safi 4.19: (3.86 − 3.58) ÷ 0.61 = 0.459. Njia mbili zimekubaliana, spesatini karibu asilimia 46. Kwa aina, hilo ni piropu yenye manganisi nyingi. Mpaka wa piropu na spesatini uko 1.757 iwapo chuma na kalisiamu ni kidogo. Mikanda ya chuma ikiwa mizito, hesabu hii ya garneti mbili tu haifai tena. Majibu mawili yakiachana kwa zaidi ya asilimia kumi, rudia densiti kwanza.

Litazame jiwe pia mchana dirishani, halafu chini ya balbu ya waya. Baadhi ya garneti hizi za Umba zina vanadiamu na kromiamu, na hugeuka kutoka kijani-buluu au kahawia hadi zambarau au wekundu. LED itakudanganya hapa vilevile. Jiwe lililogeuka waziwazi lina thamani nyingine kabisa; lisikatwe kabla ya kupimwa maabara.

Jiwe la waridi lenye ganda jeusi

Likiwa halipitishi mwanga, linakwaruzwa na chuma cha faili na lina pasuko bapa, fikiria rodoniti, silikati ya manganisi ya minyororo. Ganda jeusi ni oksidi ya manganisi: dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya dukani kwa dawa, itatoa povu. Chemsha jiwe kwanza, kwani mizizi na uchafu hai hutoa povu hilo hilo. Rodokrositi hufanana nayo lakini ni laini, 3.5 hadi 4, na huchemka ndani ya asidi ya haidrokloriki ya uvuguvugu. Usisage mawe haya makavu. Vumbi la manganisi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu; saga ndani ya maji.

Kiasi kamili cha kila elementi hutolewa na maabara: Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iko Dodoma. Kwenye karatasi unayoambatanisha andika uzito mkavu, densiti na halijoto ya maji, usomaji wa rifraktomita, mistari uliyoiona, aina ya taa, na mahali jiwe lilipochimbwa. Jina la biashara liandike mwisho, ndani ya mabano.