Chakula cha Mtoto cha Kwenda Nacho Shule: Kiwe Moto Kweli au Baridi Kweli

Shule nyingi za msingi England hazina friji ya kuwekea vyakula vinavyotoka nyumbani. Mtoto akiondoka saa mbili kasoro robo asubuhi, begi lake linakaa kwenye rafu hadi saa sita mchana, tena ndani ya chumba chenye hita. Saa hizo nne ndizo za kufikiria kwanza. Chakula kiwe moto kweli au baridi kweli. Cha vuguvugu ndicho kinachoharibika.

Wali na pilau vinataka uangalifu kuliko vyote. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, nazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu, na hata ukiupasha moto vipi, sumu haiondoki. Basi jioni chota sehemu ya mtoto kabla hamjakaa kula, itandaze kwenye sinia ipoe haraka, na ndani ya saa moja iwe imeingia friji. Asubuhi ipashe mara moja tu, hadi mvuke utoke katikati. Wali uliozidi siku moja kwenye friji usimfungie.

Themosi ya chakula yenye mdomo mpana, ya mililita 300 hivi, inamtosha mtoto wa miaka sita. Kosa la kawaida ni kupakua chakula kwenye themosi baridi: chuma kinanyonya joto, na saa sita mtoto anakuta maharage ya vuguvugu. Ijaze maji yanayochemka, funika dakika kumi, mwaga, kisha pakia chakula kinachotoa mvuke hadi karibu na mdomo, maana nafasi tupu hupoza. Jaribuni nyumbani kama anaweza kuifungua mwenyewe. Mfuniko ukimshinda, atarudi na njaa.

Kwa chakula baridi, chapati inafaa sana. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, nusu unga mweupe na nusu wa ngano isiyokobolewa, ili isikakamae ikipoa. Iache ipoe kabisa kabla ya kuifunga, la sivyo jasho lake litailowesha. Kunja ndani yake yai la kukaanga lililoiva vizuri, au vijiko vitatu vya maharage yaliyokaushwa mchuzi, pamoja na karoti iliyokwaruzwa. Kachumbari weka pembeni kwenye kikopo chake, kwa sababu nyanya hutoa maji. Halafu pandisha juu kifuko cha jeli cha kupozea chakula, kilicholala friza. Juu, si chini, kwa kuwa ubaridi hushuka.

Shule nyingi zinakataza karanga na korosho kwa ajili ya watoto wenye mzio, na hapa mapishi yetu yanaweza kututia matatani: mchicha wa karanga, matoke ya mchuzi wa karanga, kashata. Ulizia ofisi ya shule pia kuhusu ufuta. Samaki mwenye miiba abaki nyumbani, kwani hakuna mtu mzima wa kumchambulia.

Zabibu za mtoto wa chini ya miaka mitano zikatwe vipande vinne kwa urefu; zabibu nzima inaziba koo. Embe likatwe vipande, chungwa limenywe kabisa, maana muda wa kula ni mfupi. Kinywaji ni maji. Juisi hata ya matunda matupu isizidi mililita 150 kwa siku, na mtoto wa miaka minne hadi sita asipite gramu 19 za sukari ya kuongezwa, ikiwemo ya juisi na asali. Soma lebo za mtindi wa watoto kabla ya kununua.

Kabla ya kuanza haya yote, jua kwamba shule za serikali England hutoa chakula cha mchana bure kuanzia Reception (darasa la kuanzia, miaka minne hadi mitano) hadi Year 2 (miaka sita hadi saba), na London ni shule ya msingi yote tangu Septemba 2023. Uliza kama kuna nyama ya halali. Ukiendelea kumfungia chakula cha nyumbani, mwambie mtoto arudishe anachobakiza: utaona alichokiacha, kisha ukitupe, kisirudi friji.