Mpingo mbichi usipasuke kabla ya kuchongwa
Mke na mume mnaochonga nyumbani hapo Mtwara, gogo la mpingo likifika tu, yeyusheni mishumaa (sufuria ikae ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe) mpake ncha zote mbili, unene wa milimita 2 hivi. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Ncha zikisinyaa kabla ya katikati, ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele. Liwekeni kivulini juu ya vibao. Inauma kuona mpingo mzuri umeanikwa juani! Anayepiga msasa, namba 120, 240 kisha 400, afunge pua na mdomo: vumbi lake huwasha ngozi na kifua.