Kabla hujawasha chuma: maandalizi ya kulehemu kibodi ya vipande viwili

Wengi wanaotamani kujiundia kibodi iliyogawanyika huhofia mkono wao: utatetemeka, utaunguza bodi ya saketi. Mkono hufunzika upesi. Kinachoharibu kazi zaidi ni kifaa kulehemiwa kinyume au upande usio wake, na hilo huzuiwa chuma kikiwa bado baridi.

Tuchukue mfano wa Corne toleo la 3, kibodi iliyogawanyika yenye vitufe 42. Bodi zake mbili zinafanana kabisa. Wewe ndiye unayeamua ipi iwe ya kushoto kwa kuipindua. Kwa hiyo zipange mezani jinsi zitakavyokaa zikikamilika, bandika utepe wa karatasi juu ya kila moja na uandike "kushoto, juu" na "kulia, juu". Usipofanya hivyo, ni rahisi kuishia na kibodi mbili za mkono wa kushoto, na kuchomoa vilivyokwisha kulehemiwa ni adhabu.

Daiodi, vifaa vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ziko 21 kila upande, na urefu wa moja haufiki milimita 4. Kila moja ina mstari mwembamba mwisho mmoja, nao lazima ufuate alama iliyochapwa kwenye bodi. Ikikaa kinyume, kitufe chake hakitajibu. Mstari huo hauonekani vizuri kwa taa ya dari, basi tafuta taa ya mezani na utumie kamera ya simu kukuza. Nunua za akiba pia, maana zikiruka kutoka kwenye kibano huzioni tena. Taa za rangi za chini ya vitufe ziache kwa sasa. Hazivumilii joto, na kibodi inafanya kazi bila hizo.

Chuma cha kulehemu kiwe na kirekebisha joto, ukiweke kati ya nyuzi 320 na 350. Vile vya bei ya chini visivyo na kirekebishi huweza kupata moto kupita kiasi vikabandua vidoa vya shaba, yaani sehemu za bodi ambapo vifaa hulehemiwa. Ncha bapa ya kama milimita 2 ni bora kuliko iliyochongoka kama sindano, kwa kuwa inagusa eneo kubwa na kupitisha joto haraka. Ukiagizia Marekani au Japani, soma volti: cha volti 100 au 120 ukikichomeka kwenye umeme wetu wa 240 kitaungua.

Waya wa lehemu wa bati 63 kwa risasi 37, unene wa milimita 0.8 au chini yake, huyeyuka kwa nyuzi 183. Usio na risasi hutaka zaidi ya 217 na humchosha anayeanza. Ila risasi ni sumu, kwa hiyo usile mezani hapo, nawa mikono, watoto wakae mbali. Fungua dirisha, feni ivute moshi usikufikie usoni. Fluksi, yaani dawa ya kusaidia lehemu ishike, iwe ya elektroniki. Ile ya mafundi bomba ina asidi na itakula shaba.

Jifunzie kwenye bodi ya redio mbovu. Weka tone dogo la lehemu kwenye kidoa kimoja, liyeyushe tena huku kibano kikisukuma kifaa ndani yake, toa chuma, usitikise hadi ligande. Kisha lehemu mguu wa pili: gusa kidoa na mguu pamoja kwa sekunde mbili hivi, ndipo ulete waya kwenye kiungo, si kwenye ncha. Kiungo kizuri hutambaa pande zote. Kilichojikunja kuwa kidonge hakijashika.

Mwisho, chomeka kila Pro Micro, kibodi kidogo cha saketi ambacho ndicho ubongo wa kila upande, kwenye kompyuta na uipakie QMK, programu inayoendesha kibodi, kabla ya kuilehemu. Miguu yake ni 24, na ukigundua ni mbovu baada ya kuilehemu, itabidi uitoe yote. Kompyuta isipoiona, badilisha waya wa USB kwanza: nyaya nyingi za simu huchaji tu.