Gemu yako ina sheria ngapi? Jinsi nilivyomfukuza konda, kisha nikamrudisha

Toleo la kwanza la gemu yangu ya daladala lilikuwa na mambo 14 ya kuangalia kwa mpigo. Mafuta, upepo wa matairi, chenji, trafiki, mvua, hesabu ya bosi, na kadhalika. Kulikuwa hata na njaa ya konda: usipomnunulia chapati anaanza kuwatukana abiria. Hilo la konda nililipenda mno, nilikaa nalo wiki nzima.

Nikampa simu mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, nikakaa pembeni. Kurasa 6 za maelezo alizipitisha bila kusoma hata moja. Akagonga gari kabla ya kituo cha kwanza. "Mamdogo, hii inachezwaje?" Kabla sijafungua mdomo alishahamia gemu ya mpira.

Ukifikia hapo utashawishika kuongeza maelezo. Acha. Kaa na karatasi, andika kila sheria ya gemu yako kwenye kipande chake, kisha pembeni andika swali ambalo sheria hiyo inamuuliza mchezaji. Swali lenyewe liwe la kweli, yaani watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti.

Mafuta, kwa mfano. Taa ikiwaka, jaza. Nani atajibu vingine? Matairi hivyo hivyo. Chenji ni hesabu za darasa la tatu, unapata au unakosa, hakuna cha kuamua. Chapati ya konda ni kubofya tu kila baada ya muda, kazi ya kibarua. Katika sheria 14 nilikuta 9 hazina swali. Nilizifuta zote usiku huohuo, na konda naye akaenda. Iliniuma.

Iliyobaki na uzito kuliko zote ilikuwa kukatisha ruti, yaani kugeuza gari kabla ya mwisho wa njia, ambayo mwanzoni niliiweka kama utani. Njia yetu ni Kariakoo hadi Mbagala Rangi Tatu. Vuta picha, saa kumi na mbili jioni: Kariakoo imefurika watu, wewe umefika Mtongani umebaki na abiria 5, wote wa Rangi Tatu. Kwa uamuzi huu kuna kitufe kimoja tu, cha kugeuza. Ukikibonyeza, hao watano wanashuka wakilalamika, na safari inayofuata watu wanaokwepa gari lako wanaongezeka. Trafiki akiwa kituoni hapo, faini. Usipokibonyeza, unakwenda mpaka mwisho na siti tupu huku wenzako wanapakia. Hesabu ya bosi bado elfu kadhaa. Unafanyaje? Jibu la safari ya kwanza si jibu la safari ya tano, kwa sababu wote uliowashusha njiani wanakukumbuka. Sheria moja, kitufe kimoja, na mchezaji anakuna kichwa kila kituo. Ukiipata ya namna hiyo, jenga gemu yote kuizunguka.

Kipimo hiki sikukitoa mbali. Mjomba wangu hucheza bao barazani Temeke, bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32 na kete 64. Sheria zake ni nyingi, mgeni anaweza kukaa mwezi akitazama asielewe. Lakini tazama ile ya nyumba, shimo maalumu la kila mchezaji linaloanza na kete nyingi. Wakati wa kunamua, yaani hatua ya mwanzo ambapo kila zamu unaingiza kete moja kutoka akibani, ukila na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako ambayo bado haijavunjwa (kete zake hazijawahi kuchotwa), una hiari: ulale hapo, au uzichote zote usafiri nazo. Ukisafiri, nyumba ndiyo basi. Nimemwona mjomba mkono umeganda juu ya shimo lile, watazamaji wanapiga kelele, wengine "safiri!", wengine "lala!", na yeye kimya. Sheria ya hivyo hata ikichukua dakika 10 kuieleza, ibaki.

Na wazee wetu hawakumtupia mwanafunzi mzigo wote siku ya kwanza. Kuna bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, hakuna kunamua, hakuna nyumba. Kula ni kulekule, kusambaza ni kulekule, kwa hiyo mkono unazoea kwanza. Hatua za mwanzo za gemu yako zitengeneze hivyo. Kitendo kiwe kilekile cha gemu nzima, vighairi vije baadaye. Super Mario Bros. ya 1985 haina ukurasa wa maelezo mwanzoni. Adui mmoja anakufuata taratibu, usiporuka unakufa, umeshajifunza. Kwangu mimi hatua ya kwanza sasa ni barabara tupu, kituo kimoja, abiria wawili.

Usichanganye wepesi wa sheria na wepesi wa kushinda. Flappy Bird ya 2013 ni kugusa skrini tu, na watu walitaka kuvunja simu. Nami naipenda zaidi ile nyoka ya Nokia, ya 1997. Unageuka pande nne, unakula, unarefuka. Kinachokuua mara nyingi ni mkia wako mwenyewe, kwa hiyo kadiri unavyofanya vizuri ndivyo unavyojibana. Hapakuhitajika adui wa pili.

Lakini usikate mpaka mfupa bila kujua unamkatia nani. Nilimwonyesha mjomba gemu fulani ya bao ya kwenye simu, ile nyumba wameitoa kabisa. Alicheza mara mbili akanirudishia simu: "Hili la watoto." Hakukosea, na aliyeitengeneza pengine hakukosea pia, maana hakumlenga mjomba. Wachezaji wangu mimi wako ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba, kidole gumba kimoja ndicho kilicho huru. Mzunguko wangu ni dakika 3 na vitufe ni viwili. Chochote kinachotaka mikono miwili nakitupa bila kujadili.

Ukishapunguza, ndipo uanze kurudisha, kimoja kimoja. Kila ukirudisha, tafuta watu watatu ambao hawajawahi kuiona gemu, wape simu, nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Mimi huwa naumauma kalamu. Wakimaliza usiwaulize kama wameipenda, watakuambia ndiyo kwa heshima tu. Waombe wamweleze mtu mwingine inavyochezwa, wewe ukisikiliza. Mtoto wa dada yangu juzi alimweleza mwenzake hivi: "Unapakia watu, ukiona hailipi unageuza, ila wakikuchoka hawapandi." Sikuwa na la kuongeza.

Mvua bado iko kwenye karatasi, sijaipatia swali. Konda amerudi, njaa hana tena. Gari likijaa anachungulia mbele kama kuna trafiki, anakugeukia: "Tunabeba wa kusimama?"