Kuwasilisha mbele ya darasa ukiwa na woga: kazi iko kwenye sentensi tatu za mwanzo

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeijua mada yake vizuri, ila akiitwa mbele moyo unaenda mbio, mdomo unakauka na sauti inatoka nusu. Kama mada yenyewe bado hujaielewa, rudi kwanza kwenye daftari. Hakuna namna ya kupumua itakayoziba pengo hilo. Nimechukulia kwamba umepewa dakika 10.

Kwa wasemaji wengi woga hufika kileleni wanaposubiri kuitwa na katika sentensi za mwanzo, kisha hushuka wenyewe kadiri wanavyoendelea kusema. Ndiyo maana maandalizi mengi nayaweka pale mwanzo, wala si kwenye urembo wa slaidi.

Hatua ya 1: Geuza mada iwe sentensi

"Upanuzi wa metali" ni mada. "Daraja la chuma huachiwa mianya makusudi kwa sababu chuma hurefuka kikipata joto" ni sentensi. Ukiwa na sentensi, hata ukipotea katikati unajua pa kurudi. Chini yake weka hoja tatu, basi. Ya nne iache, huenda ikakufaa kwenye maswali.

Hatua ya 2: Slaidi

Sita zinatosha. Herufi zisipungue ukubwa wa 28. Usiweke aya nzima ukutani: mtu mwenye woga akishaanza kusoma ukutani ni vigumu ageuke tena. Weka mchoro mmoja kwa kila slaidi, na kichwa chake kiwe sentensi kamili, maana hicho ndicho kitakachokukumbusha cha kusema.

Hifadhi faili mbili, la PowerPoint na nakala ya PDF, kwenye flashi na kwenye barua pepe. Kompyuta ya darasani ikikosa fonti uliyotumia huweka nyingine na maandishi yanahama. PDF hubaki ulivyoiacha. Jifunze pia vitufe vitatu vya PowerPoint: F5 huanzisha onyesho, B huifanya skrini iwe nyeusi, na namba ya slaidi ikifuatwa na Enter hukupeleka moja kwa moja kwenye slaidi hiyo.

Hatua ya 3: Kadi, si karatasi

Karatasi ya A4 hukuza mtetemo. Mkono ukitikisika kidogo tu, kona ya juu inapepea na darasa zima linaona. Nawe ukiiona unazidi kutetemeka. Tumia kadi ngumu zenye ukubwa wa robo ya A4. Kila kadi iwe na maneno matano hadi saba, kwa wino mzito, upande mmoja. Zitoboe pembeni na uzifunge kwa uzi ili zikianguka zisichanganyike. Simu siipendekezi kabisa kwa kazi hii: skrini huzima, ujumbe huingia, na kidole chenye jasho hugusa pasipotakiwa.

Hatua ya 4: Sentensi tatu za mwanzo

Kuna makosa mawili yanayorudi kila mara. La kwanza ni kukariri wasilisho zima. Ukikariri hivyo, kila neno linaitwa na lililotangulia, kwa hiyo likiponyoka moja, yote yaliyo nyuma yake yanaondoka nalo. La pili ni kutokukariri chochote na kutegemea kwamba sentensi ya kwanza itakuja yenyewe ukishasimama. Haiji, kwa sababu huo ndio wakati ambao akili imebanwa zaidi kuliko wakati wowote mwingine.

Kariri sentensi tatu neno kwa neno. Zilizobaki zote ziseme kwa kutazama kadi, kwa maneno yatakayokujia. Kwa mada yetu ya daraja, sentensi hizo zinaweza kuwa hivi:

"Chukua nondo ya chuma yenye urefu wa mita mia moja. Joto likipanda kwa nyuzi 30 za Selsiasi, nondo hiyo inarefuka kwa takriban sentimita 3.6. Leo nitaonyesha daraja linaupeleka wapi urefu huo wa ziada."

Ya kwanza ni fupi, unaweza kuimaliza hata kama pumzi imekwisha. Ya pili ina kitu halisi kinachowafanya wasikilizaji wainue macho. Tarakimu yake iandike kubwa kwenye kadi ya kwanza, kwa kuwa tarakimu ndizo hutoroka mapema. (Hesabu yake: kila mita ya chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja.) Ya tatu inakufikisha kwenye slaidi inayofuata, na ukishaibonyeza umevuka pagumu.

Salamu na jina lako visihesabiwe humo. Sentensi ya kwanza isizidi maneno kumi. Kama kuna herufi inayokupa kigugumizi, hakikisha neno la kwanza halianzi nayo; badilisha neno, maana inabaki ileile.

Usiombe radhi kwa kuwa na woga. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba msemaji hudhani woga wake unaonekana wazi kuliko wasikilizaji wanavyouona. Waliofahamishwa jambo hilo kabla ya kusimama walizungumza vizuri zaidi. Ukisema "samahani, nina woga", unawapa watu kitu cha kukitafuta ambacho huenda wasingekiona.

Sasa mazoezi ya sentensi hizo. Ziseme kwa sauti mara 20, zikigawanywa katika siku tatu: ukitembea, ukiosha vyombo, ukikunja nguo. Mara tano za mwisho, panda ngazi kwa haraka au ruka papo hapo mpaka uheme, kisha simama uziseme bila kusubiri pumzi itulie. Watu wengi huliruka zoezi hili, nalo ndilo lenye faida kubwa. Nyumbani umetulia, maneno yanateleza; darasani mwili una adrenalini, pumzi ni fupi, na sentensi uliyoizoea kwa pumzi ndefu inakatika katikati. Ukiizoea ukiwa unahema, siku hiyo haitakuwa ngeni.

Angalia mambo haya:

- Usifanye zoezi mbele ya kioo. Utaanza kuukagua uso wako badala ya kuyasikiliza maneno.
- Jioni ya mwisho usibadilishe hata neno moja. Toleo la zamani na jipya hugongana mdomoni, hata kama jipya ni zuri zaidi.
- Sentensi ya pili ikikutoroka, nenda ya tatu. Darasa halina nakala ya ulichoandika.
- Kama ni kazi ya kikundi, kila mmoja awe na sentensi zake tatu. Anayemaliza naye akariri sentensi moja ya kumkabidhi mwenzake, kwa sababu kwenye makabidhiano ndipo kimya cha aibu hutokea.

Kati ya sentensi na sentensi, funga mdomo na uvute hewa kwa pua. Mdomo uliofungwa hauwezi kutoa "aaa" wala "yaani", na haukauki upesi. Wewe utaona umenyamaza muda mrefu. Anayekusikiliza atasikia nukta tu.

Hatua ya 5: Wasilisho zima

Mara tatu, umesimama, kwa sauti, saa ikihesabu. Kusoma kimoyomoyo si mazoezi. Lenga dakika 8, zile mbili zitaliwa na projekta na kunywa maji. Mara ya tatu rekodi sauti, kisha sikiliza kitu kimoja: je, neno la mwisho la kila sentensi linasikika? Mwenye woga humeza miisho. Halafu chagua kadi moja unayoweza kuiruka muda ukikubana, uitie alama nyekundu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika mapema uunganishe kompyuta. Kama unatumia Windows na ukuta hauonyeshi kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kuakisi skrini. Kahawa iache mpaka umalize.

Ukiwa kitini ukisubiri, vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya saba, mara tano. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Kuvuta pumzi kubwa kubwa za haraka huleta kizunguzungu.

Ukiitwa, tembea, weka vitu mezani, simama, legeza magoti. Toa hewa. Kisha anza. Usianze kusema ukiwa bado unatembea. Chagua nyuso tatu zenye utulivu, kushoto, katikati na kulia, na kila mmoja umpe sentensi nzima kabla ya kuhamia mwingine. Anayechezea simu mwache, si dalili kwamba unasema vibaya.

Hatua ya 7: Maswali

Rudia swali kwa maneno yako kabla ya kujibu. Waliokaa nyuma watalisikia, nawe utapata sekunde kadhaa za kufikiri. Kama linahusu mchoro fulani, andika namba ya slaidi na Enter badala ya kurudi nyuma moja moja huku watu wakingoja; namba hizo ziandike kwenye kadi ya mwisho. Jibu usilolijua lisizidi sentensi mbili: "Hilo sikulichunguza. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni hiki," kisha utaje kile unachokijua, ufunge mdomo, usubiri swali linalofuata.