Kuvuta trela ndogo ya kambi kwa pikapu ya kawaida: anza na mizani

Pikapu ninayoizungumzia ni ile ya kawaida kabisa. Injini ya silinda nne, hakuna rejeta ya ziada ya kupoza oili ya giaboksi, na nyuma kuna plagi ya taa yenye pini nne, au haipo kabisa. Gari kama hili linavuta trela ndogo ya kulalia bila shida kwa miaka mingi, mradi mwenye gari anajua kila kilo imekaa wapi.

Wengi wetu tunaanza na namba ya kuvuta. Kitabu cha gari kinasema kilo 1,500, trela ina kilo 900, hesabu imeisha. Tatizo ni kwamba namba ile hupatikana gari likiwa karibu tupu. Pikapu ndogo huishiwa uwezo wa kubeba mapema sana kuliko uwezo wa kuvuta, na hapo ndipo watu wanapokwama.

Hatua ya kwanza: hesabu kinachobebwa na gari

Fungua mlango wa dereva, tafuta kwenye nguzo ya mlango kibandiko kinachoonyesha kilo ambazo gari linaruhusiwa kubeba. Kama hakipo, chukua uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari, toa uzito wake likiwa tupu. Tuseme umepata kilo 550. Sasa anza kutoa: dereva 80, mwenzake 70, watoto wawili 60. Kava ya bodi 60. Jokofu, meza, jiko, vyakula na zana 140. Ndoano ya kuvutia yenyewe 25. Jumla 435, umebakiwa na 115.

Trela nayo haivutwi tu, sehemu ya uzito wake inaikalia gololi ya ndoano (tufe la chuma ambalo trela inashikwa nalo), na uzito huo unabebwa na gari. Kwa trela ya ekseli moja, lenga asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikiwa imepakiwa. Trela ya kilo 900 kwa asilimia 12 ni kilo 108. Umebaki na kilo 7. Baiskeli moja ikipanda kwenye bodi, umevuka kiwango, na namba ya kuvuta bado inakuambia una akiba ya kilo 600.

Kwa nini tusipunguze huo uzito wa mbele ili gari lipumue? Kwa sababu trela nyepesi mbele huanza kuyumba mkia, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo inavyozidi, mpaka inalivuta gari lenyewe. Ukizidisha nako, sehemu ya nyuma ya gari inakaa chini na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Hayo ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Trela zilizotengenezwa kwa masharti ya Ulaya mara nyingi hupewa kiwango cha chini ya hicho, kwa hiyo kibao cha vipimo kilichobandikwa kwenye trela yako na kitabu cha gari lako ndivyo vyenye kauli ya mwisho.

Hatua ya pili: pima, usikisie

Uzito ulio kwenye tangazo la trela ni wa trela tupu. Betri, mtungi wa gesi, magodoro, vyombo na maji havimo. Tangi la lita 80 likijaa ni kilo 80. Pakia kila kitu kama unaondoka, kisha nenda kwenye mizani ya magari: pima gari na trela pamoja, pima tena magurudumu ya trela peke yake.

Uzito wa kwenye gololi unaweza kuupima nyumbani kwa mizani ya kupimia watu. Weka trela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa kabari. Laza ubao imara, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, kwa kimo kimoja. Shusha mkono wa trela (chuma cha mbele kinachoungana na gari) juu ya ubao kwa sehemu moja ya urefu kutoka kwenye tofali na sehemu mbili kutoka kwenye mizani. Kinachosomeka zidisha mara 3. Hakikisha mkono uko karibu na kimo utakachokuwa nacho ukiwa umeunganishwa, la sivyo jibu litakudanganya.

Hatua ya tatu: panga mzigo

Vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na kushoto kulingane na kulia. Usining'inize baiskeli au jenereta nyuma kabisa ya trela. Hata ukifidia kwa kuongeza mzigo mbele na asilimia zikatimia, uzito uliorundikwa kwenye ncha mbili unaifanya trela iwe ngumu kutulia ikishaanza kuyumba. Angalia pia tangi la maji liko wapi: likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza kunainua mkono wa mbele.

Hatua ya nne: vifaa vya kununua kwanza

Kama pesa ni za kifaa kimoja, nunua breki za trela. Breki za umeme zinahitaji kidhibiti ndani ya gari, na plagi ya pini nne haitoshi kwa sababu inabeba taa na waya wa kurudisha umeme tu. Lazima uongezewe waya wa breki. Kuna nchi zinazoshurutisha breki kuanzia kilo 750 na kuna zinazoruhusu zaidi. Mimi nasema gari dogo likivuta karibu nusu ya uzito wake au zaidi, trela iwe na breki zake hata kama sheria haikubani.

Baada ya hapo, kwa giaboksi ya otomatiki, weka rejeta ndogo ya kupoza oili. Joto ndilo linaloua giaboksi hizi, na linafanya hivyo kimyakimya. Kisha vioo vya pembeni vinavyotokeza zaidi ya upana wa trela.

Hatua ya tano: kuunganisha

Namba ya ukubwa wa gololi lazima ilingane na namba iliyochongwa kwenye kikombe cha trela, yaani sehemu inayoifunika gololi. Shusha, funga komeo, tia pini. Sasa pandisha jeki ya trela kidogo: nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, imeshika. Ikiachia, heri iachie hapo. Minyororo ipishane chini ya mkono ili ukichomoka udakwe, usichimbe barabara. Waya wa breki ya dharura, unaozifunga breki za trela ikichomoka, ufungwe kwenye chesisi ya gari, usiufunge kwenye minyororo wala kwenye gololi. Mtu mmoja asimame nyuma akague taa zote, indiketa na breki. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, na urudie baada ya kilomita 80 hivi kama magurudumu yalitolewa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiunganisha trela gari linainama nyuma. Fundi ameshauri mifuko ya upepo kwenye springi. Nikubali?*

Itanyanyua nyuma, na taa zako zitaacha kumulika angani. Lakini haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari, wala hairudishi uzito kwenye magurudumu ya mbele. Kinachorudisha ni ndoano yenye fito za kugawa uzito. Soma kwanza kitabu cha gari, maana baadhi ya watengenezaji hawaziruhusu. Na kama umeshapita uwezo wa kubeba, dawa ni kushusha mizigo.

*Trela yangu ina kilo 700 tu, lakini kwenye barabara kuu gari linahema na mafuta yanakwisha haraka. Injini imechoka?*

Pengine ni upepo, ndugu. Trela yako ina kimo gani? Ukuta wa mbele uliopanda juu kuliko gari unasukuma hewa nyingi, na nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upinzani unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Jaribu safari moja kwa 80 uone. Na usiiache giaboksi ikiruka huku na huku kwenye gia ya juu. Ishushe gia moja ikae hapo.

*Lori likinipita trela inacheza. Nikanyage breki?*

Hapana. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Kama una kidhibiti, bonyeza breki za trela peke yake kwa mkono. Zitaivuta trela nyuma na kuinyoosha. Usijaribu kuifukuza kwa usukani, wala usiongeze mwendo. Ukishatulia, simama mahali salama upime tena uzito wa mbele na upepo wa tairi. Tairi za trela hujazwa zikiwa baridi, kwa kiwango cha kibao cha trela.

*Dada yangu anaweza kuendesha vizuri ila kurudi nyuma kunamshinda. Trela inajikunja mara moja.*

Trela fupi hujikunja haraka kuliko ndefu, kwa hiyo asijione mzito. Aweke mkono chini ya usukani: anakotaka mkia wa trela uende, mkono uende huko huko. Asogeze kidogo, asubiri aone. Pembe ikizidi, aende mbele mita chache anyooshe, aanze upya. Afanyie mazoezi kwenye uwanja mtupu wenye koni mbili, na wewe usimame mahali anapokuona kwenye kioo.

*Kwenye mteremko mrefu breki zilinuka.*

Ulishuka kwa gia ya juu. Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza, ingiza gia ya chini, injini ifanye kazi ya kushikilia. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa nguvu kiasi mpaka upungue, kisha achia zipoe. Usiuegemeze mguu pale muda wote. Zikishanuka, simama zipoe kabisa, na kabla ya safari ijayo fundi azikague pedi na mafuta ya breki.