Lisbon hadi Madrid: soma saa za tiketi vizuri

Kwa mstari ulionyooka, Lisbon na Madrid zimeachana kilomita 500 hivi. Kwa barabara ni zaidi ya 600. Ndege huchukua kama saa 1 na dakika 20. Lakini tiketi huandikwa saa za kila mji, na Hispania iko mbele ya Ureno kwa saa moja. Ukiondoka Lisbon saa 4:00 asubuhi, utaona unafika Madrid saa 6:20 mchana. Kurudi, ukiondoka saa 4:00 unafika 4:20! Muda angani ni uleule. Kwa hiyo, kama una ndege ya kuunganisha Madrid, hesabu kwa saa ya Madrid tu, tena jiachie nafasi ya kutosha, maana uwanja wa Barajas ni mkubwa mno.